Nadharia ya Dereva Kimya

Kila Ijumaa jioni kinyozi alizima mashine zake, akageuza viti vivipe vioo mgongo, na duka lake likawa chuo kikuu. Somo lilikuwa moja tu: kipindi cha runinga kiitwacho Wizara ya Mambo Mengineyo, kilichorushwa kila Alhamisi. Ni kichekesho juu ya waziri asiyejua wizara yake inafanya kazi gani, na wasaidizi wake ambao nao hawajui, ila wanaona haya kuuliza. Watu wa kawaida walikitazama, wakacheka mpaka mbavu zikawauma, wakaenda kulala. Pale kwa kinyozi hakucheka mtu. Kucheka waliwaachia watazamaji; wao walikuwa wachambuzi.

Mwalimu mstaafu alikuwa bingwa wa miwani ya katibu wa wizara. Katibu akiivua, alisema mwalimu, anadanganya. Akiivaa, anadanganya zaidi. Dada muuza dawa, mwenye duka la jirani, alimshikilia mke wa waziri. Alikuwa na hakika kwamba bibie huyo aliolewa ili alipize kisasi. Kisasi cha nini, bado hakuwa amekipata, lakini alikuwa anakitafuta kwa bidii. Kinyozi alikuwa mwenyekiti, kwa kuwa umeme ni wake.

Kiti cha pembeni, kile pekee ambacho ngozi yake haikupasuka, kilikuwa cha Profesa. Profesa huyu hakuwahi kufundisha popote. Mchana alikuwa dereva wa Mkurugenzi wa Idara ya Vibali vya Mabango, ofisi ambayo bila muhuri wake huruhusiwi kusimamisha hata kibao cha "Mbwa Mkali" getini kwako. Uprofesa alitunukiwa na kinyozi siku alipotoa nadharia yake, na tangu siku hiyo kichwa kikamvimba, akawa hata salamu anaitikia kwa kufikiri kwanza.

Nadharia yenyewe ilimhusu dereva wa waziri. Katika kipindi kile dereva anaitwa Kimya, na tangu kianze hajasema neno lolote zaidi ya "Sawa, Mheshimiwa." Wengine wote walimwona kama sehemu ya gari. Profesa hakumwona hivyo.

"Mle wizarani kila mtu anataka kitu, na kitu chenyewe kinajulikana," aliwaambia. "Huyu peke yake hataki chochote. Sasa nyie jiulizeni, ndugu zangu, binadamu gani hataki chochote?"

Duka zima lilinyamaza. Mwalimu mstaafu, ambaye kwa kawaida alipinga hata saa ya ukutani, akakubali kwa kichwa. Profesa akaendelea. Siri zote za wizara zinasemwa ndani ya gari, na ndani ya gari yumo Kimya. Kila mara waziri anapofukuza mtu, Kimya amerekebisha kioo cha ndani. Kwa hiyo Kimya ndiye anayevujisha siri, Kimya ndiye anayepanga nani apande na nani ashuke, na mwisho wa msimu Kimya atamwangusha waziri. Siku hiyo kinyozi alimnyoa bure, heshima ambayo hata ndugu yake wa damu hajawahi kuipata.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mkewe, fundi cherehani, aliisikiliza nadharia yote huku ametia pini mdomoni, akazitoa, akasema, "Baba watoto, hicho ni kichekesho. Huyo kijana hasemi kwa sababu hawajamwandikia maneno." Profesa alimtazama kwa huruma ile ambayo wasomi huwatazamia wagonjwa.

Na hapa lazima isemwe jambo ambalo chuo kikuu hakikulijua. Profesa mwenyewe, akiwa kwenye usukani, hakusikia kitu. Mkurugenzi alikaa nyuma akipiga simu kutwa, na angeweza kuiuza nchi nzima kwenye kiti kile na dereva wake asiambulie hata jina la mnunuzi. Si kwa uaminifu. Masikio yalikuwepo, ila kichwa kilikuwa kazini kwingine: kilikuwa kinafikiria jinsi Kimya anavyosikiliza kila kitu.

Maisha yangeendelea hivyo kwa raha zake kama kinyozi asingekuwa na kiherehere. Ijumaa moja aliirekodi nadharia kwa simu, sauti ya Profesa tangu mwanzo hadi mwisho, akairusha kwenye kundi la wateja wake. Wateja nao wakairusha kwa jamaa zao. Haikuchukua muda watu wasiojuana wakawa wanabishana juu ya kioo cha Kimya kwenye foleni za benki. Profesa alitembea kifua mbele. Hakujitangaza kwamba sauti ni yake, lakini alihakikisha anaongea kwa nguvu popote palipo na watu.

Asubuhi moja, akiwa amesimama kwenye taa nyekundu, alisikia mtu nyuma yake anasema: "Sasa nyie jiulizeni, ndugu zangu, binadamu gani hataki chochote?" Alitabasamu, maana sentensi ilikuwa nzuri. Kisha akakumbuka kwamba nyuma yake yuko mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwa akiongea. Alikuwa ameshika simu kiganjani na anasikiliza.

Mkurugenzi aliusikiliza ujumbe wote. Ulipofika kwenye kioo cha ndani, Profesa aliinua macho bila kukusudia, yakakutana na ya bosi wake humo humo kiooni. Akakirekebisha kioo. Hilo, kama ajuavyo mwanafunzi yeyote wa kinyozi, lilikuwa kosa.

Ikumbukwe kwamba Mkurugenzi naye alikuwa shabiki wa kufa wa Wizara ya Mambo Mengineyo. Mtu mwenye akili zake angecheka, akamwambia dereva wake kumbe una maneno. Lakini huyu alikuwa mchambuzi, tena wa daraja la juu, kwa sababu alichambulia kwenye kiyoyozi. Akaanza uchambuzi. Kuanzia siku ile simu zikipigwa aliziba mdomo kwa mkono, kama kocha wa mpira anayeogopa kusomwa midomo. Zikiwa nzito alisimamisha gari, akashuka, akaongea juani akitokwa jasho, huku Profesa amebaki ndani kwenye ubaridi wa bure. Baadaye akahamia kiti cha mbele ili amsome uso.

Profesa alijaribu kujisafisha. Aliwasha redio aonekane hasikilizi. Mkurugenzi akamwuliza ni kitu gani anataka kukifunika. Alizima redio, akaulizwa mbona leo kumetulia. Alianza kuimba taratibu, na Mkurugenzi akaangalia nje kuona nani anapewa ishara. Alipoulizwa kama ana shida yoyote, kama kuna kitu anakihitaji pale ofisini, masikini alijibu kwa unyenyekevu wote aliokuwa nao kwamba hahitaji chochote. Mkurugenzi aligeuka taratibu akamtazama. Binadamu gani hataki chochote?

Mwishowe katibu muhtasi, mama mtu mzima aliyempenda kwa kuwa alikuwa akimpitisha sokoni na gari la serikali, alimvuta pembeni ya mashine ya kunakili. Alimwambia kwamba Mkurugenzi ameuliza kama lile gari la kunyonya maji taka bado halina dereva. Uamuzi wenyewe ulikuwa haujapita. Mkurugenzi amesema atausubiri mwisho wa msimu, Alhamisi ijayo, aone Kimya anatokea kuwa nani.

"Yaani mimi kazi yangu inategemea kichekesho?" Profesa aliuliza.

"Mwanangu, hapa ofisini nini hakitegemei?" mama yule akajibu, akarudi kwenye mashine yake.

Profesa alikwenda nyumbani maji yamemfika shingoni. Gari lile alilijua. Dereva wake wa mwisho alikuwa anakula chakula chake cha mchana peke yake, upande ambao upepo unaenda. Alimweleza mkewe, akitegemea kilio. Mkewe alipiga mshono hadi mwisho wa kitambaa, akakata uzi, ndipo akamwambia aombe Mungu nadharia yake iwe ya uongo. Alisema hivyo bila kejeli, na hapo ndipo Profesa alipoogopa kweli, kwa sababu mkewe hakuwa mtu wa kuacha kejeli bila sababu.

Alhamisi ilipofika, chuo kikuu kiliitisha kikao maalumu. Kinyozi alipanga mabenchi mpaka mlangoni. Walikuja watu ambao hawakuwa na nywele za kunyoa, wote wamefuata nadharia, na Profesa alipoingia walimpigia makofi. Mwalimu mstaafu alimshika mkono akamwambia kwamba usiku huu historia inaandikwa. Profesa alikaa kwenye kiti chake cha ngozi akiomba moyoni aumbuke mbele ya watu wote hao.

Kipindi kilianza. Waziri alikamatwa amejiteua mwenyewe kuwa mshauri wa waziri, na bunge likaunda kamati. Kamati ikahoji katibu. Miwani ikavuliwa, ikavaliwa, mwalimu akaguna. Ikamhoji mke, akalia. Dada muuza dawa akasema hayo machozi ni ya kisasi. Kisha mwenyekiti wa kamati akaagiza aitwe dereva. Duka likalipuka. Watu walimpiga Profesa mgongoni mpaka akakohoa. Kimya aliingia, akakaa, akaiweka kofia magotini.

Mwenyekiti alimwuliza: miaka yote hiyo ndani ya gari la waziri, umesikia nini?

Kamera ilimsogelea Kimya. Profesa alifumba macho. Alitamani ashinde, na alitamani ashindwe, na hakuna kati ya hayo mawili aliloweza kulitamani kwa nusu. Nadharia ile ilikuwa kitu cha kwanza maishani mwake kilichowafanya watu wanyamaze ili aongee.

Aliposikia kicheko kutoka kwenye runinga alifumbua macho. Kimya alikuwa ameingiza kidole sikioni na anatoa pamba. Pamba ndefu, haina mwisho. Akahamia sikio la pili. Kisha akamwinamia mwenyekiti kwa adabu zote, akasema, "Samahani, ulikuwa unasema?" Muziki ukapigwa, majina yakaanza kupanda.

Kwa kinyozi pakawa msiba. Wa kwanza kupata sauti alikuwa mwalimu mstaafu: waandishi wamenunuliwa. Dada muuza dawa akasema pamba ya aina ile haiuzwi madukani, kwa hiyo kuna jambo. Lakini hao walikuwa wenye mapenzi. Wengine walianza kunyanyuka wakimpita Profesa bila kumwangalia, na jamaa mmoja aliyetoka mtaa wa mbali aliuliza kwa sauti ni nani mjinga aliyeanzisha haya mambo. Kinyozi, rafiki yake wa miaka, alikuwa anafagia. Alipofika kwenye kile kiti cha ngozi alimgusa mguu kwa ufagio, akamwomba apishe.

Profesa alitoka akiwa amepona na amefiwa kwa pamoja. Njia nzima alijiambia kazi imebaki, watoto watakula, hayo ndiyo ya maana. Yalikuwa ya maana kweli. Hayakumzuia kuumia.

Asubuhi yake Mkurugenzi alitoka getini anacheka peke yake. Alifungua mlango wa nyuma, akajibwaga kwenye kiti chake cha zamani, akampiga dereva wake begani.

"Pamba!" alisema. "Bwana wee, nimekuonea bure. Nilikuwa nimeshaanza kukudhania una akili."

"Sawa, Mkurugenzi," Profesa alijibu.

Mkurugenzi akacheka tena kwa jinsi jibu lilivyotoka. Alimwomba radhi kwa ile habari ya gari la maji taka, akamhakikishia kwamba wewe ni dereva tu, na dereva mzuri ni yule ambaye ni dereva tu. Aliyasema kama mtu anayetoa zawadi. Profesa aliyapokea, akaliingiza gari barabarani, huku shingo inawaka moto kwa aibu. Mkewe, kinyozi na wateja wake, na sasa huyu. Kila mmoja amehakikisha kwamba ndani ya kichwa hiki hakuna mtu.

Simu ya bosi ikalia. Mkurugenzi hakuziba mdomo, wala hakusimamisha gari. Aliongea kwa raha ya mtu aliyefungiwa mdomo kwa majuma. Alianza na mabango yale makubwa ya daraja jipya, kibali apewe shemeji yake, lakini kwa jina la mama mkwe; na yule mhandisi aliyekataa kutia sahihi ahamishwe kabla mwezi haujaisha, atafutiwe sababu baadaye.

Kwa mara ya kwanza tangu alipokabidhiwa ufunguo wa gari lile, Profesa hakuwa na Kimya wa kumfikiria. Kichwa kilikuwa kitupu na nafasi ilikuwa tele. Yakaingia yote: daraja, shemeji, jina la mama mkwe, mhandisi na idara atakayotupwa.

"Unajua huyo shemeji yangu ni mtu wa hatari," Mkurugenzi alisema baada ya kukata simu, akicheka. "Umemsikia alivyonijibu?"

"Nani, Mkurugenzi?"

Mkurugenzi akaegemeza kichwa, akapumua kwa faraja, na akabonyeza namba nyingine. Profesa alizima redio iliyokuwa ikinong'ona. Walipofika kwenye makutano hakukata kulia kuelekea ofisini. Akanyoosha, akachukua njia ndefu.