Pikipiki Iliyokwenda Posa Kinyumenyume

Yaliyomo humu ni kweli tupu, hayakutiwa chumvi hata ya kuonja. Mzee Vedasto wa Mtendeni, mstaafu wa reli aliyejifunza ufundi wa umeme kwa kufungua redio za majirani bila ruhusa, ameyaapia mwenyewe: likipatikana neno moja la uongo, jogoo wake mwekundu achinjwe. Na jogoo yule anampenda kuliko baadhi ya ndugu zake.

Siku hiyo Vedasto alikuwa mshenga. Mpwa wake Amon alimtaka Julieth wa Tura, na mama yake Julieth, Bi Mektilda, alikuwa ametuma neno: mshenga afike kabla jua halijawa utosini, tena aje na kijana mwenyewe, adabu yake ionekane. Wakichelewa, kuna watu wa Igunga wenye ng'ombe, nao watasikilizwa. Amon ng'ombe hakuwa nao. Alikuwa na debe la asali na mjomba.

Wakaondoka Tabora alfajiri kwa pikipiki mbili za umeme. Vedasto alimpakia Amon kwenye yake, nyembamba, betri chini ya kiti. Debe la asali alilibeba Yahaya, Mzaramo muuza spea, kwenye yake iliyonenepa hata ikaitwa Kiboko, betri tumboni. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakipokezana mizigo na masimango kwenye njia hiyohiyo, kwa hiyo hakuna aliyetarajia safari ya kimya.

"Hiyo yako inakula umeme au inaulamba tu?" Yahaya aliuliza.

"Yako imevimba, mtani. Ipeleke zahanati."

Wakapita Igalula, wakapita Goweko, wakazama kwenye miombo. Walipoiacha Malongwe nyuma, pikipiki ya Vedasto ikanyamaza. Betri kwisha. Yahaya akageuka kumcheka vizuri, asilione shimo lililokuwa mbele yake. Gurudumu lake la mbele likakunjika kama chapati. Sasa wakawa na pikipiki yenye magurudumu bila umeme, na nyingine yenye umeme bila gurudumu.

Amon akakaa chini vumbini. "Mjomba, ng'ombe wa Igunga nawasikia hadi hapa."

"Simama. Babu yako alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, na hakuna pembe iliyouliza bega hili la aina gani. Betri ni mzigo kama mizigo mingine. Inahama."

"Babu yake hakuwa na nyaya," Yahaya alisema.

Betri ya Kiboko ilikataa kuingia chini ya kiti chembamba. Wakaifunga mbele, kwa mipira ya baiskeli. Plagi nazo hazikujuana: ya Yahaya ina meno matatu, ya Vedasto ina matundu mawili. Vedasto akazikata zote mbili, akamenya nyaya kwa meno yake mwenyewe, akasokota hii na hii, akafunga kwa kipande cha mfuko wa nailoni. Akapanda, akazungusha mkono.

Pikipiki ikaruka. Kwa nyuma.

"Umefunga kinyume," Yahaya alisema.

Vedasto akabadilisha nyaya. Ikaenda nyuma kwa kasi zaidi.

Wakaangalia jua. Wakaangaliana.

"Basi tuigeuze," Vedasto alisema, "mkia uelekee Tura."

Kiboko wakaisukumia kwa mrina asali aliyekuwa karibu, wakapanda mshikaki: Vedasto kwenye usukani, uso wake Tabora, Amon katikati, naye uso Tabora, Yahaya nyuma kabisa, amegeukia Tura na debe mapajani, ndiye macho ya safari.

"Kushoto!"

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwenye mizinga! Hapana, toka kwenye mizinga!"

Nyuki wakawasindikiza kipande kizuri. Mbuzi waliwapisha kwa heshima. Abiria wa treni walitoa vichwa madirishani wasijue wapunge mkono au waombe dua. Vedasto anasema kilomita kwenye kioo cha mita zilikuwa zinarudi nyuma, ikafika mahali pikipiki ikawa mpya kuliko siku ilipotoka dukani. Anasema betri nayo ilikuwa inajaa.

Uani kwa Bi Mektilda, watu wa Igunga walikuwa wameshakaa mkekani, wamekunja miguu. Pikipiki ikaingia mkia kwanza, ikazunguka kinu, ikasimama. Amon akabaki palepale alipo, mgongo kwa mama mkwe, shingo imekakamaa kwa hofu.

Watu wa Igunga wakakunjua miguu.

"Vijana wa siku hizi," Bi Mektilda alisema taratibu, "wananikodolea macho kama nauza nyanya. Huyu kanipa mgongo tangu barabarani. Nani kakufundisha kumstahi mkwe hivyo, baba?"

Amon akafungua mdomo. Vedasto akawahi.

"Ni mila ya ukoo wetu, mama. Babu zetu wapagazi waliingia kwa wakwe kinyumenyume, na mizigo kichwani. Nikidanganya, jogoo wangu mwekundu achinjwe."

Yahaya akapaliwa na mate.

Debe likapokelewa. Julieth alichungulia mlangoni akacheka hadi akashika fremu. Watu wa Igunga wakanywa maji, wakaaga. Posa ikakubaliwa mbele ya mashahidi.

Vedasto angeondoka shujaa, lakini Bi Mektilda alitoka kuwasindikiza, akasimama nyuma ya pikipiki, upande wa ghala la karanga.

"Haya, baba zangu. Kuingia mmeingia kwa mgongo. Kutoka tokeni na nyuso mbele kama watu."

"Tutaisukuma kidogo, mama, tunyooshe miguu."

"Watu wazima msukume na moto mnao? Pandeni."

Wakapanda. Yahaya akamwomba Mungu wake, Vedasto wa kwake. Mkono ukazungushwa. Bi Mektilda akaruka pembeni kama msichana, pikipiki ikaingia ghalani, karanga zikamiminika. Zilipotulia, Amon alikuwa amekaa juu ya rundo, uso kwa uso na mama mkwe. Akajifunika kwa ungo.

Bi Mektilda aliziangalia zile nyaya zilizosokotwa, na mfuko wa nailoni. Akamwangalia mshenga.

"Mila ya ukoo."

"Ya upande wa mama," Vedasto alijaribu.

"Mtani," Yahaya alisema, "nyamaza uokoe hata bata."

Bi Mektilda akacheka mpaka akaketi kwenye karanga zake. "Neno langu limetoka, silirudishi. Kijana ana adabu, tazama alivyojifunika. Ila na la jogoo nimelisikia."

Jogoo aliliwa siku ya harusi. Firigisi, ambayo ni haki ya mwenye nyumba, alipewa Yahaya, akaitafuna polepole huku akimtazama machoni Vedasto, ambaye ndiye mimi niliyeandika haya. Nikaambulia shingo.