Luningning Aiona Saa Sita

Binti yangu Luningning alizaliwa mwili wake hautoi jasho. Sisi wengine tukipata joto tunalowa na mambo yanakwisha. Yeye anachemka tu. Kwa hiyo hadi anafikisha miaka sita alilijua jua la alfajiri na la jioni peke yake. Mchana nilimfungia chumba cha nyuma chini ya shuka lililoloa, akisikiliza wenzake wakicheza nje. Aliniomba kitu kimoja tu: aende shambani amwone baba yake akivuna mpunga.

Gari tulikuwa nalo, la marehemu baba mkwe, la zamani zile ambapo kiyoyozi kilikuwa kitu cha maofisini. Mang Dencio, fundi mwenye maneno mengi kuliko spana, alilizunguka mara moja akasema litatoa barafu. Nikamwambia apunguze bia.

Lakini nilikaa pale kwenye kibanda chake, nikaona kwa macho yangu. Kompresa aliitoa kwenye kigari cha abiria kilichoungua nyuma. Rejeta ya kupoza gesi ilitoka kwenye lori, na kile kisanduku cha kupulizia baridi kilitoka kwenye teksi. Vitu hivyo havikujuana, na hata bolti moja haikulingana na tundu lake. Dencio alikata maboksi ya tambi kwa mkasi, akayapimisha kwenye injini kama fundi cherehani anayempima bibi harusi, akayapunguza tena, ndipo akakata chuma kwa kuyafuatisha. Kila kiungo alikipaka povu la sabuni kutafuta gesi inayovuja. Alipowasha, niliweka mkono mbele ya upepo. Vyuma vya magari yaliyokufa vilikuwa vinapuliza baridi kwa ajili ya mwanangu, na kusema kweli mwili ulinisisimka.

Asubuhi ya safari, mama mkwe wangu, Lola Ising, alifanya kama kila mtu kwetu anavyofanyia mashine mpya: alichinja jogoo, akaimwagia damu yake, ili chuma kikishakunywa ya kuku kisitamani ya mtu. Aliimwaga yote kwenye rejeta. Nyama akaipika supu ya tangawizi, akapakia sufuria nzima garini.

Tuliondoka jua likiwa limepanda. Dencio alikaa mbele nami ili ajisifu vizuri. Lola alikaa nyuma na mjukuu wake. Mpunga ulikuwa umeanikwa barabarani, mashine za kupura zinarusha makapi hewani, na Luningning amegandisha uso kiooni. Baada ya muda upepo ukawa vuguvugu. Kisha ukawa moto.

"Nanay," aliniita, taratibu tu, "naanza kuchemka."

Nilisimamisha gari. Ngozi yake ilikuwa kavu na inaunguza. Nyumbani ni mbali, shambani ni mbali. Dencio alifungua boneti, akainama, akaita.

"Lola, njoo uone."

Damu ilikuwa imekauka kwenye mapezi ya rejeta, vile vibati vyembamba vya kupitisha upepo, makapi yakanasa juu yake, na yote yakazibika kama ukuta uliopigwa lipu. Joto halikuwa na pa kutokea. Mashine ilikuwa na ugonjwa uleule wa mwanangu.

Nilikuwa na tusi zito tayari kwa ajili ya mama mkwe. Hakujitetea. Aliimwaga supu barabarani, nyama na yote, akakimbilia mfereji wa mashamba, ndala zikabaki matopeni. Sufuria ya kwanza kwa mtoto, ya pili kwa rejeta, ya tatu kwa mtoto. Alikuwa anachota huku analia, nami tusi langu nikalimeza. Dencio alisugua kwa ncha za vidole, maana mapezi yale hupinda kama karatasi.

"Washa," akasema.

Baridi ilirudi kali kuliko mwanzo. Nilimtazama Luningning kwenye kioo mpaka alipokunja mikono na kuomba khanga kavu ajifunike. Katika maisha yake hakuwahi kuomba kitu kama hicho.

Tulifika shambani saa sita kamili. Ambo, mume wangu, alikuja amelowa jasho, akaweka kiganja kwenye kioo. Luningning alimtazama usoni, kisha miguuni.

"Nanay, kivuli cha Tatay kimekwenda wapi?"

Yeye vivuli alivyovijua vilikuwa virefu. Nikatazama wavunaji wote, jua limewasimamia utosini, hakuna hata mmoja mwenye kivuli. Miaka yote hiyo nimeishi chini ya jua hilo bila kuliangalia.

"Kiko chini ya nyayo zake," nikamwambia. "Saa sita kila mtu anakikanyaga chake."

"Na mimi?"

Ambo alifungua mlango. Nilitaka kumzuia, mkono ukakataa. Alimwinua binti yake, akamsimamisha peku juu ya mashina ya mpunga. Luningning aliinamisha kichwa, akakiona, kiduchu, kimejibana kwenye vidole vyake.

"Nimekikanyaga," akasema, nasi tukamrudisha mbiombio kwenye baridi.