Zamu ya Bwana Stesheni

Abiria anayeshuka hapa siku hizi ni vumbi tu. Huingia bila tiketi, hujinyoosha kwenye benchi, hulala juu ya kengele. Mke wa bwana stesheni hulifukuza kwa ufagio kila asubuhi. Jioni limerudi, halina haya.

Ee stesheni, ulivyokuwa umejaa! Pamba ikipakiwa, maharusi wakishuka na masanduku yao, maiti wakirudishwa kwao taratibu, na filimbi ya mumewe ikisikika hadi mtoni. Kisha treni zikapungua. Ikaja moja ya mwisho, na hakuna aliyeambiwa kwamba ni ya mwisho. Nyasi zikameza reli.

Lakini zamu haiachwi wazi. Ndivyo bwana stesheni alivyofundishwa kazi: huondoki mpaka mwenzako aje, apokee funguo mkononi, atamke, "Nimepokea." Mwenzake hakuja. Shirika la reli likafa, hakuja. Naye bado anavaa kofia na kukaa kwenye dirisha la tiketi, na mkewe amekwama naye kama mlango uliovimba kwa mvua. Alimpenda, akamchoka, akampenda tena bila kupumzika.

Sasa mzee anakohoa damu. Binti yao amekuja na gari kumpeleka hospitali, injini inanguruma nje, na mzee kang'ang'ania kiti.

"Baba, twende jamani. Utatufia hapa."

"Na zamu nimwachie nani, mwanangu?"

Binti analia. Mama halii, machozi alishayamaliza. Anajifuta mikono, anasimama mbele ya mumewe kama mgeni aliyetoka safari.

"Bwana stesheni, nimekuja kukupokea."

Mzee anamtazama, anamtazama. Funguo zinatoka mfukoni, nzito, zina joto la paja lake, zinatua kiganjani mwa mkewe.

"Nimepokea," anasema mama.

Hapo mzee anavua kofia, anainuka mwepesi, anashikwa mkono hadi garini. Mke anamfuata kwa furaha, mguu mmoja tayari ndani ya gari, ndipo mzee anapogeuka na hofu ya kweli usoni.

"We, unakwenda wapi? Si uko zamu?"

"Mama, panda tu, usimsikilize!"

Lakini mzee ameshaanza kuteremka, anakohoa, anaulizia kofia yake. Mama anaushusha mguu wake haraka. Anamrudisha mumewe kwenye kiti cha gari, anafunga mlango kwa nje.

"Nendeni," anasema. "Mimi nipo."

Gari likaondoka, vumbi likafunika kila kitu. Lilipotulia, mama alikuwa kwenye dirisha la tiketi, juu ya kiti ambacho bado kilikuwa na joto la mumewe, akisikiliza kama kuna mtu anakuja.