Kisu cha Wakati wa Mvua

Daktari Vora aliigusa shingo ya Hadijah kwa vidole viwili, akamwambia ameze mate. Hadijah akameza. Uvimbe wa tezi, uliokuwa umefikia ukubwa wa embe changa, ukapanda na kushuka.

"Hii lazima itoke," daktari alisema. "Lakini si sasa. Mvua ikiwa nyingi kidonda kinachelewa kukauka, wodi inajaa watu wa malaria, na barabara ya Koboko unaijua mwenyewe. Njoo kiangazi kikianza."

Ilikuwa mwezi wa saba mwaka 1972, na Hadijah aliuona mpango huo unamfaa. Angefunga Ramadhani nyumbani Koboko, angesherehekea Idi na watu wake, kisha angekwenda Arua kupasuliwa barabara ikiwa kavu. Alimweleza mumewe Tahiru, dereva wa lori, naye akasema ni vyema. Alimweleza mke mwenzake Sadiya, naye akasema hivyo hivyo.

Mwezi uliofuata redio ikatangaza kwamba Wahindi waondoke nchini ndani ya miezi mitatu. Pale Koboko kila mtu alikuwa na habari yake. Wengine walisema wenye uraia watabaki, wengine wakasema hata hao wataondoka. Hadijah alimuuliza mumewe kuhusu Daktari Vora, ambaye naye alikuwa Mhindi.

"Madaktari hawaguswi," Tahiru alijibu, huku amejiinamia akikaza nati za gurudumu. "Serikali inawahitaji. Usijisumbue."

Hadijah hakujisumbua, mpaka Sadiya alipoanza. Walikuwa uani wakibangua karanga wakati Sadiya alipouliza, bila kumtazama, "Dada, kwa nini usiende kupasuliwa sasa?"

"Daktari amesema kiangazi."

"Kiangazi ni mbali. Nenda kabla ya mfungo."

"Una haraka gani na shingo yangu?"

Sadiya akachota karanga nyingine. Siku mbili baadaye akarudia maneno yale yale, na baada ya hapo akayarudia tena na tena, kila mara wakiwa peke yao, na kila mara aliishia njiani kama mtu aliyezibwa mdomo.

Hadijah alianza kumchunguza. Alijua Ramadhani katika nyumba ile ilikuwa na maana gani. Wageni wa Tahiru walikuja kufuturu, na Hadijah, mke mkubwa, ndiye aliyeamua nini kipikwe na nani aandaliwe kwanza. Kama yeye angekuwa amelala Arua, funguo za stoo zingekuwa kwa nani? Alikumbuka pia kwamba Sadiya alikuwa amepanda lori la mume wao kwenda Arua zaidi ya mara moja, akisema anapeleka mashuka aliyoyatarizi. Akahamisha bangili zake za fedha kutoka sandukuni. Akaanza kujipikia uji wake mwenyewe.

Kisha siku moja mlango wa Sadiya ulikuwa wazi, na Hadijah akaona kitu kimefunikwa kanga pembeni mwa kitanda. Aliingia akaifunua. Ilikuwa cherehani, nyeusi, inayong'aa, ya kukanyaga kwa miguu.

Sadiya alimkuta hapo hapo.

"Hii imetoka wapi?" Hadijah akauliza. "Amekununulia Baba Zubeiri?" Zubeiri alikuwa mwana wa kwanza wa Hadijah, na ndivyo wake wote wawili walivyomwita mume wao.

Sadiya alirudi nyuma akafunga mlango. "Imetoka kwa mke wa daktari. Mashuka yake ndiyo ninayoyatarizi. Wanaondoka, dada. Wanatoa vitu kimoja kimoja. Aliniapisha nisiseme, maana ikijulikana watavamiwa kabla hawajaondoka."

"Baba Zubeiri amesema madaktari hawaguswi."

"Mimi nakwambia nilichokiona."

Hadijah alitoka. Maelezo yale yangeweza kuwa kweli, lakini pia yalimfaa sana mtu aliyetaka kumwondoa nyumbani. Aliamua kwenda kumwona daktari kwa macho yake, na hakumuaga mtu.

Kesho yake basi lilikwama kwenye matope, abiria wakashuka kulisukuma, na alifika hospitali Arua gauni likiwa limelowa mpaka magotini. Ndani ya chumba cha daktari, kwenye benchi karibu na mlango, alikaa mwanamume mwenye miwani myeusi ambaye hakuonekana kuumwa popote, kama shushushu wa serikali. Daktari alikuwa amekonda.

"Mama, tulisema kiangazi," alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Kiangazi wewe utakuwa hapa?"

Daktari aliinuka, akaenda kwenye sinki, akafungua bomba mpaka mwisho na kumwita asogee aangaliwe shingo. Maji yakipiga kelele, akamwinamia.

"Wakati mzuri ni kiangazi," alisema taratibu. "Kama unataka nikupasue kwa mkono wangu, njoo Jumatatu."

Hadijah alimtazama yule wa benchini. Miwani ilikuwa imewaelekea.

Alirudi Jumatatu, na Sadiya akaja naye bila kualikwa. Tahiru aliwashusha getini na kuondoka haraka, akisema ana mzigo.

Tezi lilitoka salama, ila kidonda kilifanya kama daktari alivyosema. Mvua ilinyesha kila alasiri, bandeji hazikukauka, na mshono mmoja ukatoa maji kwa muda mrefu. Sadiya alilala kwenye mkeka chini ya kitanda na kumpikia uji nje. Mwanzoni Hadijah, asiyeweza hata kugeuza shingo, alimrudishia kikombe.

"Onja kwanza wewe," alinong'ona.

Sadiya alikunywa bila kuuliza sababu, akamrudishia. Ikawa hivyo asubuhi nyingi, mpaka siku moja Hadijah akapokea kikombe na kunywa.

Alirudi nyumbani Ramadhani imekwisha kuingia. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza. Kabla ya Idi habari zikaja kwamba nyumba ya daktari iko wazi, milango haina hata komeo.

Siku ya Idi ni Sadiya aliyegawa chakula. Hadijah alikaa kitini akimtazama, akitafuta kosa, asilione. Mwisho akamwita.

"Niambie. Baba Zubeiri alijua?"

Sadiya alijifuta mikono. "Lori lake ndilo lililobeba masanduku ya daktari tangu mwezi wa nane. Alinikataza kukwambia. Aliogopa utasema mahali, wamkamate."

Tahiru aliporudi kutoka msikitini na kanzu yake nyeupe, Hadijah alimuuliza mbele ya Sadiya. Hakukana.

"Nilidhani wataleta daktari mwingine," alisema.

"Na wasipomleta?"

Tahiru alivua kofia, akaivaa tena. Hadijah alimwandalia sahani yake sebuleni, akaifunika kawa. Kisha yeye na Sadiya wakaenda kula chumbani kwa Sadiya, mlango umefungwa.

Daktari mwingine hakuja kiangazi kile chote.