Simu za Misumari

Setilaiti hazisimami. Watu hudhani ziko huko juu zimetulia kama taa za barabarani, kumbe zinakimbia, na kila baada ya dakika chache moja inazama na nyingine inampokea mteja wake, katikati ya maneno, mwenyewe hana habari. Kazi yetu pale Balikpapan, kisiwani Borneo, ni kuhakikisha hana habari. Kama hujawahi kutusikia, jua tumefanya kazi vizuri.

Ila setilaiti inayokuja lazima iambiwe mtu yuko wapi, imulike pale. Simu za mjini hujisemea zenyewe. Za vijiji vya juu ya Mto Mahakam zilitutia wazimu: zinakaa chini ya mabati, anga haziioni vizuri, leo zinasema ziko Malaysia, kesho ziko baharini. Zikikabidhiwa kwa setilaiti nyingine mazungumzo yanakatika, na malalamiko tunayala sisi. Bosi wetu Syahrani akachoka.

"Hebu niambieni, simu ya kijiji inakwenda wapi?" akauliza. "Iko kwa mzee wa kijiji, imefunikwa kitambaa cha maua kama bi harusi. Andikeni mahali ilipo, muifungie hapohapo, tulale usingizi."

Tukacheka, tukaandika, tukazibatiza simu za misumari. Malalamiko yakakoma kweli, na bosi akatununulia wali wa manjano na samaki. Asiyekuwepo na lake halipo. Hakuna mtu wa mtoni aliyeulizwa.

Asubuhi moja daktari mmoja wa mjini Samarinda, Rosvita, akatupigia, moto unamtoka mdomoni.

"Nyie mmelala? Naongea na mkunga huko juu, kila nikifika kwenye neno la maana sauti inakatika! Kuna mzazi anatoka damu!"

Nikafungua laini yao nisikilize. Mkunga alikuwa Devung, binti wa kabila la Wakayan, sauti changa. Mzazi aliitwa Ulo. Alijifungua alfajiri, mtoto mzima, wamemwacha kwa bibi yake, lakini damu ya mama haikukata. Simu ilikuwa kwenye spika, na nyuma ya sauti ya Devung palikuwa na ngurumo.

"Bosi, hiyo injini," nikasema.

"Jenereta hiyo, Masitah."

"Jenereta gani inapanda na kushuka? Ni mtumbwi! Wamebeba simu, wanateremka na mgonjwa kwenda hospitali ya bondeni!"

Syahrani akakodolea macho ramani. Alama ya simu ilikuwa kijijini, haitikisiki. Kila setilaiti iliyoondoka ilimkabidhi Devung kwa mwenzake, na mwenzake akamulika kijiji kama alivyoagizwa, huku Devung yuko mbali chini ya mto, ukingoni kabisa mwa mawimbi ya setilaiti, anapata makombo.

"Nani kawaambia wabebe simu?" bosi akanung'unika.

Wallahi nilitaka kumrushia kikombe. "Mkeo angekuwa anatoka damu, bosi, wewe ungeiacha kwenye kitambaa?"

Akajifuta uso kwa kiganja. Jasho lilikuwa linamtoka.

Walivyokuwa wanakimbia na mto, setilaiti inayofuata ingewapoteza kabisa. Dawa ilikuwa moja, kung'oa msumari. Pale mtoni simu ingeiona anga na kujua yenyewe ilipo. Lakini ili ianze upya ilikuwa lazima tukate mazungumzo, kisha daktari apige tena, na huko mtumbwini mtu abonyeze kitufe kupokea. Nikamweleza daktari.

"Ngoja niseme naye kwanza," akasema, kisha sauti yake ikalainika. "Devung, mwanangu. Ngumi yako iwe ndani, mkono wa pili ukandamize tumbo kwa juu. Mji wa mimba uubane katikati. Umeubana?"

"Nimeubana, daktari."

"Usiachie. Laini itakatika, nitapiga tena. Simu ikilia, usiachie. Mume wa Ulo anaweza kupokea?"

"Lawing kashika usukani, daktari. Tumeingia kwenye maporomoko. Akiachia tunapinduka."

"Basi iache ilie. Mkivuka, apokee yeye, nimwelekeze. Wewe mikono yako si yako tena, ni ya Ulo. Yuko macho?"

"Yuko macho. Kanikamata nguo. Anauliza kama mtoto amenyonya."

Nikakata.

Alama ya kijijini ikapotea. Tukangoja, bosi amenisimamia mgongoni, hadi ikatokea upya, mtoni, mahali pake pa kweli. Daktari akapiga. Simu ikalia. Setilaiti iliyokuwa juu ikazama, nyingine ikapokea, mlio haukukatika. Makabidhiano safi, ya kuwaonyesha wageni.

"Hapokei," nikasema.

"Vizuri," daktari akajibu. "Bado anabana."

Ikalia mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikalia tena, na sisi, watu ambao mshahara wetu ni simu kupokelewa, tukawa tunaomba isipokelewe. Syahrani alikuwa ameinamia meza. "Usipokee, mwanangu," alikuwa anasema kwa sauti ya chini. "Usipokee, usipokee." Nilimwonea huruma, na bado nilimchukia.

Alama ikateremka taratibu, ikapinda na mto, ikatoka kwenye maporomoko. Maji ya mbele yalikuwa tambarare hadi hospitali.

"Wamevuka!" nikapiga kelele. "Daktari, wamevuka, sasa Lawing anaweza!"

Mlio ukakatika. Simu ilikuwa imepokelewa. Injini haikusikika, ni maji tu yakigonga mbao.

"Lawing?" daktari akaita. "Lawing, ni wewe?"

Daktari akaita tena.

"Lawing, baba, niitikie."

"Ni mimi, daktari," akasema Devung.

Mikono yake, iliyokuwa ya Ulo, ilikuwa imeachia. Devung akaanza kulia, na nyuma yake tukamsikia mwanamume akiita jina la mkewe, analirudia na kulirudia. Setilaiti ikazama, nyingine ikawapokea, kisha nyingine tena, na kilio chao hakikukatika hata mara moja.