Foleni ya Wakwe

Mjinga wa siku ile alikuwa seremala, na mwenyewe hakatai. Wanawake watatu walipoingia chumba cha ushauri hospitalini bila hodi, aliwaambia, "Mama zangu, foleni iko nje. Hata sisi tulipanga."

Mkewe, mshonaji, akamfinya. "Unamfukuza mama yangu."

Seremala akatazama vizuri. Kweli, ni mama mkwe, yule wa pichani, aliyezikwa zamani kabla ya harusi yao. Nyuma yake alisimama bibi wa mshonaji, kisha mama yake mkubwa, marehemu wote. Kila mmoja alikuja na umri aliokufa nao, kwa hiyo mama alikuwa binti mbichi kuliko mwanawe. Mshonaji alimwamkia shikamoo hivyo hivyo. Mama akaitikia marahaba, akamtoa kipande cha uzi begani. Chumba kizima kikanukia udongo ulioonja mvua.

Mshauri wa vinasaba, mjuzi wa magonjwa ya kurithi, akavuta viti, akawakaribisha. Alifurahi, maana wengi hawajui bibi zao waliugua nini, na inabidi kukisia. Akauliza ugonjwa ulimwanza nani na akiwa na umri gani, akichora duara kwa kila mwanamke, kisha akilikata kwa mstari wa marehemu. Wenye maduara walisogea kutazama.

Alipomaliza, alisema taratibu kwamba kipimo cha damu kinaonyesha mshonaji amerithi hitilafu ile ile ya ukoo, iletayo saratani ya matiti. Saratani yenyewe hana. Anaweza kuwa anapigwa picha kila mwaka, au aondolewe matiti yote mawili mapema. Hatari ingepungua sana, ingawa isingeisha.

"Uamuzi ni wako, dada."

"Nayaondoa," alisema mshonaji.

Seremala akaruka kitini. "Mke wangu, ubao hauna hata doa unaupitishia msumeno? Wewe mzima kabisa! Tungoje kidogo..."

"...tuone kwanza," wakamalizia wale watatu, kila mmoja kwa sauti nzito ya mumewe.

Mshauri akachonga penseli. Lakini ubishi wa fundi hauishi kwa sauti tatu.

"Mimi namwonea huruma tu," alisema. "Mtu abaki na matiti yake, kuna ubaya gani?"

Mama mkwe akampima kwa macho, unyayo hadi utosi, kama anayekagua kabati lililopinda.

"Mimi nilibaki nayo, mkwe. Huyu ndiye aliyebaki bila mama."