Nionyeshe Unachoogopa

Tusidanganyane: Mama Rejoice alikuwa mwoga wa maji, na steji nzima ya boda ya Munuki, mjini Juba, ilijua. Si mwoga wa watu, hapana. Mama huyu, jina lake Betty, aliyeuza chai na mandazi pale stejini, aliwahi kumkimbiza mwizi kwa mwiko wa kukaangia hadi barabara ya lami, akarudi, akauosha mwiko, akaendelea na kazi. Lakini mwonyeshe maji yaliyozidi beseni, anageuza njia. Alipokuwa mtoto, kwenye safari ya kukimbilia Uganda wakati wa vita, walivuka mto mmoja, maji yakamfika kidevuni huku ameng'ang'ania nguo ya mama yake. Walivuka salama wote. Ila tangu siku ile Betty na mito hawasalimiani.

Na Mungu naye ana utani wake. Binti yake wa pekee, Rejoice, akaolewa wapi? Kisiwani! Gondokoro, katikati ya Nile, ambako hata uwe na miguu mirefu namna gani huendi bila boti. Siku ya harusi walifanyia sherehe Juba kwa ajili ya Betty. Lakini mambo mengine hayahamishwi. Kwa ukoo wa wakwe zake, mtoto wa kike hutolewa nje ya nyumba siku ya nne, kabla jua halijafika utosini, na anayemtoa na kumpa jina ni bibi mzaa mama, kwa mikono yake na kwa mdomo wake. Si kwa simu. Bibi asipofika, upande wa baba wanachagua jina wenyewe, na dunia inaendelea.

Iliendelea hivyo miaka mitatu iliyopita, Rejoice alipojifungua mapacha wa kike. Betty alifika hadi ukingoni, akayaangalia maji, akarudi nyumbani analia. Wajukuu zake wa kwanza wakapewa majina na shangazi mmoja ambaye hata hakujua kwamba Rejoice utotoni aliogopa kuku. Majina yalikuwa mazuri, hakuna ubishi. Lakini kila Betty alipowaita, aliona kama anaita watoto wa jirani.

Sasa Jumatano simu ikalia. Alikuwa mkwe wake, mzee Lako, baba wa mume wa Rejoice, na nyuma yake kulikuwa na kelele za watu.

"Mkwe, tumepata msichana mwingine! Jumamosi anatoka nje. Utakuja, au nianze kutafuta jina?"

"Nitakuja," alisema Betty.

"Utakuja!" Lako alicheka hadi akakohoa. "Sikia, mkwe. Siku utakayovuka maji haya, mimi Lako, na mvi zangu hizi, nitakubeba mgongoni kutoka mtoni hadi mlangoni kwangu. Watu wote hapa wamesikia!"

Wakacheka hao watu wote. Betty akakata simu, akakaa juu ya kreti ya soda, akautazama mwili wake. Hakuwa mwembamba. Lako ndiye aliyekuwa mwembamba. Akajikuta anacheka peke yake, kisha hofu ikamrudia, akaacha.

"Kizza!" akaita.

Kizza alikuwa mwendesha boda, Mganda wa makamo mwenye mke na kitambi, na kwa miaka sita ndiye aliyempeleka Betty sokoni Konyokonyo na kumrudisha. Hajawahi kumwangusha, wala kumwagia sukari yake hata kijiko.

"Jumamosi utanivusha kwenda kisiwani."

"Mama Rejoice, mimi ni mtu wa pikipiki."

"Boti za kule si zina injini? Si mnazungusha mkono vilevile, zinaenda?"

"Ndiyo, lakini kuna watu wa kazi hiyo, wamezaliwa humo humo majini..."

"Siwajui. Mimi nakujua wewe. Una siku mbili za kujifunza."

"Banange!" alisema Kizza, akaushika uso wake kwa mikono miwili. Lakini mtu aliyekunywa chai ya mama kwa miaka sita anakataaje? Alikuwa na rafiki, Erifazi, aliyekuwa na boti ndogo ya bati na injini ya kufunga nyuma. Alhamisi akaenda kufundishwa. Akarudi stejini amelowa hadi kiunoni.

"Imeendaje?" aliuliza Betty.

"Tamam."

Ijumaa akarudi na tope sikioni. "Tamam kabisa, mama," akasema, na hakumtazama machoni.

Jumamosi asubuhi wakafika ukingoni. Betty alikuwa na beseni lenye sukari, sabuni, nguo za mtoto na chupa ya siagi ya simsim. Erifazi alikuwepo, akajitolea kuwavusha yeye mwenyewe. Betty akamnusa.

"Wewe pombe ya jana bado inakuendesha. Baki hapa."

Erifazi akabaki, akawapa jaketi za kuelea, akaketi kivulini. Betty akavaa yake. Halafu Kizza, kwa mazoea tu, akampa helmeti ya pikipiki, na Betty, kwa mazoea tu, akaivaa. Wanawake waliokuwa wanafua nguo wakaangua kicheko.

"Haboba! Bibi, unaenda na pikipiki majini?"

"Cheka tu," Betty akajibu. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Kisha akaugeukia mto. Maji yalikuwa ya kahawia, mapana, yanakwenda kwa haraka kama yamechelewa mahali. Akamkumbuka mama yake. Akajiona akigeuka, akirudi Munuki, na Jumamosi hii ikiwa kama ile siku ya mapacha. Hapo akapata hasira, akaingia kwenye boti.

Akaketi wapi? Nyuma ya Kizza, bila shaka, upande-upande, mkono kiunoni mwake kama anakwenda Konyokonyo. Kizza akawasha injini. Wote wawili, na uzito wao waliojaliwa, walikuwa mkiani. Pua ya boti ikanyanyuka ikatazama mbingu.

"Yesu na Maria!"

"Mama, nakuomba, nenda mbele! Tutazama!"

Betty akatambaa kwenda mbele kwa magoti, beseni mkononi, akiwataja watakatifu wote aliowajua na wengine aliowatunga. Pua ikashuka. Akaketi, akajaza nafasi yote, na Kizza akawa haoni mbele chochote isipokuwa mgongo mpana na helmeti nyekundu.

Sasa ndipo siri ya siku mbili ikatoka. Kizza alitaka kwenda kulia. Kwenye pikipiki ukitaka kwenda kulia unageuza mikono kulia, na mwili wake ulikuwa umezoea hivyo kwa miaka kumi na tano. Akausukuma mkono wa injini, ndio usukani wa boti, kulia. Boti ikaenda kushoto. Akausukuma zaidi. Ikazidi kwenda kushoto, ikazunguka duara zima, ikarudi mbele ya wale wanawake wanaofua.

"Karibuni tena!" wakasema.

"Kizza, kuna nini?"

"Mama, kitu hiki kinakwenda kinyume! Ukikiambia kulia, kinasikia kushoto. Kichwa changu kimeelewa, mkono ndio umekataa!"

"Na hukuniambia?"

"Ungekuja?"

Betty akafikiri. "Nisingekuja."

"Na mimi pia naogopa, mama. Sijui kuogelea." Alisema hivyo kwa sauti ndogo, mtu mzima yule, na Betty, badala ya kukasirika, akasikia nafuu ya ajabu. Kumbe hakuwa peke yake. Na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Twende hivyohivyo," akasema.

Wakaenda. Mkondo ukawachukua, ukawasukuma kufuata mto, na mara Betty akaona tishari kubwa la mizigo, lenye kutu, limefungwa mbele yao upande wa kulia, nao wanalielekea. Akanyoosha kidole, akapiga kelele: "Lile! Lile pale! Tunakufa!"

Kizza hakuona tishari. Aliona kidole tu. Akausukuma mkono wa injini kule kule kidole kilikoelekea, na boti ikageuka kwenda upande wa pili, ikalipita tishari kwa nafasi ya kutosha kupitisha ng'ombe.

Betty akageuka.

"Umefanyaje?" aliuliza Betty.

"Sijui. Nimefuata kidole chako."

Likaja fungu la magugu maji linaelea, kubwa kama kitanda, upande wa kushoto. Betty akaonyesha. Kizza akasukuma kushoto. Boti ikakwepa kulia.

"Eeh!" Kizza akapiga paja. "Mama Rejoice, tumepata! Usinionyeshe tunakokwenda. Wewe nionyeshe unachoogopa!"

"Naogopa vyote."

"Basi onyesha vyote!"

Sasa hapo alikuwa amempata mtu wa kazi. Betty akaonyesha gogo, akaonyesha fungu la mchanga, akaonyesha kitu ambacho huenda kilikuwa kiboko na huenda kilikuwa jerikani. Kidole kikienda huku, boti inakwepa kule. Yule mwoga wa Munuki, aliyechekwa kwa miaka yote, akawa ndiye macho ya chombo, na hakuna hatari hata moja iliyompita bila kuonekana. Katikati ya Nile, upepo ukiingia ndani ya helmeti, akagundua kwamba anacheka. Aliogopa bado, tena sana. Lakini alikuwa anacheka, na Kizza nyuma anacheka, na boti inapita katikati ya mambo yote ya kutisha kama mwanamke anayepita sokoni na beseni kichwani.

Kisha akaiona nyumba. Upande wa kulia, juu ya ukingo, watu wamesimama, na katikati yao Rejoice mlangoni, kitu kidogo cheupe kifuani. Jua lilikuwa limebakiza kidogo kufika utosini. Akanyanyuka nusu, akanyoosha mkono mzima.

"Pale! Kizza, pale! Mjukuu wangu!"

Na Kizza, mwanafunzi mwema, akausukuma mkono wa injini kule kule alikoonyesha. Boti ikamkimbia mjukuu.

"Hapana! Hicho sikiogopi! Hicho nakipenda!"

"Ungesema!"

Walikuwa wamechelewa. Boti ikapita gati dogo, ikapita mitumbwi, ikapita watu waliokuwa wanapunga mikono na sasa wanaishusha taratibu, ikaingia moja kwa moja kwenye matete ya ukingo uleule, ikayalaza, na ikasimama pua yake ikiwa ndani ya bamia za mzee Lako. Injini ikazimika. Bata wawili wakaondoka kwa hasira.

Betty akatazama. Kati yake na nyumba kulikuwa na tope, la magoti kabisa, na baada ya tope, mwendo wa kupanda. Jua lilikuwa karibu utosini. Machozi yakamjia. Kuvuka Nile nzima, halafu kushindwa na shamba la bamia!

"Mkwe!" aliita kwa nguvu zake zote. "Mkwe Lako! Uliniahidi nini?"

Mzee Lako alikuwa ameshafika, anahema, kofia imeanguka. Alimtazama mama huyu mwenye helmeti nyekundu katikati ya mboga zake. Alitazama tope. Alitazama watu wote waliokuwa wamesikia siku ile, na wote wamekuja nyuma yake kushuhudia. Akakunja suruali, akaingia kwenye tope, akageuka, akainama.

"Panda, mkwe. Upesi."

Nani atausimulia mwendo ule akatosheka? Lako alizama, akatoka, akazama. Kizza akamsukuma kwa nyuma, beseni kichwani. Vijana wakashika huku na huku. Wanawake walipiga vigelegele, na wale mapacha walikimbia pembeni wakiuliza kama na wao watabebwa na babu. Mzee akafika mlangoni, akamshusha Betty taratibu mbele ya binti yake, kisha akaketi chini palepale akicheka bila sauti, maana pumzi hakuwa nayo.

"Mama," alisema Rejoice. Alikuwa analia na kucheka.

Betty akavua helmeti, akanawa mikono, akaingia ndani. Akatoka amembeba mtoto, akavuka kizingiti, na jua likampiga mtoto usoni, akafinya macho, akapiga chafya.

"Mwite, mkwe," alisema Lako kutoka chini. "Umelipata kwa haki."

Betty alikuwa na jina tayari, amelibeba tangu Jumatano, jina la mama yake. Lakini akamtazama Kizza, aliyesimama nyuma ya watu wote, tope hadi kifuani, beseni bado kichwani, hakuna hata punje ya sukari iliyomwagika.

"Huko tulikokimbilia," alisema kwa sauti ya watu wote kusikia, "kwa Waganda, mtoto anayefuata mapacha ana jina lake, awe wa kike au wa kiume. Huyu amefuata mapacha. Na bibi yake ameletwa na mtu mwenye jina hilohilo. Anaitwa Kizza."

Kizza mkubwa akalishusha beseni. Akajifuta uso kwa mkono wenye tope, na ikawa mbaya zaidi. Watu wakashangilia hadi bata wakaondoka mara ya pili.

Baada ya chakula, Kizza alikwenda kutoa maji kwenye boti kwa kopo. Aliposikia hatua, akageuka. Betty alikuwa amesimama ukingoni kabisa, maji yanagusa vidole vyake vya miguu, mtoto kifuani, na amenyoosha kidole kuelekea ng'ambo, Juba.

Kizza akaacha kopo. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kutafuta injini.

"Mama Rejoice, unaogopa nini tena?"

"Sionyeshi ninachoogopa," alisema Betty. "Namwonyesha Kizza njia ya kuja kwangu."